Fildi ya msimu kwenye shamba mseto juu ya Tengeru: tathmini yangu, mazuri na mabaya

Naandika hii kwa ajili ya wanafunzi wa kilimo na mifugo wanaohangaika kutafuta sehemu ya fildi huku kaskazini, na pia wale waliomaliza chuo wako tu nyumbani wanasubiri ajira zitangazwe. Kuna shamba moja juu ya Tengeru, Arusha, ule upande wa kupandisha kuelekea mlima Meru, huwa linachukua vijana kwa msimu, unakaa palepale, unafanya kazi, unafundishwa na posho kidogo unapata. Mama mwenye shamba hapendi jina lake lizunguke mitandaoni kwa hiyo silitaji, ila mengine yote nayasema kama yalivyo. Mimi nilienda baada ya kumaliza diploma nikakaa msimu wa kahawa, baadaye nikarudi kipindi cha masika, kwa hiyo nimeona pande zote mbili. Kwa mwenye haraka jibu langu ni hili: nenda, pazuri sana, ila chagua msimu vizuri na ukubali kabisa kwamba hutarudi na hela.

Shamba si kubwa kihivyo, mtu akikwambia shamba la mafunzo usije ukategemea kukuta matrekta yamepangwa. Ni mashamba yetu yaleyale ya mlimani, kahawa chini ya migomba, miringaringa na migrivea ya kivuli katikati, maparachichi pembeni, halafu ukishuka chini karibu na mfereji kuna bustani ya nyanya, karoti, chainizi na hoho. Zizini kuna ng'ombe wa maziwa wa kufungia, mbuzi wachache wa maziwa, banda la kuku chotara, na mizinga ya nyuki iko kule korongoni mbali na nyumba. Kila kitu kipo kidogokidogo, na faida yake kwa mwanafunzi ndo iko hapo. Chuoni kahawa ina mwalimu wake, ng'ombe wana mwalimu wao, udongo una mwalimu wake, unafanya mtihani unafaulu vizuri tu na bado hujawahi kuona kimoja kinavyomtegemea mwenzake.

Chukua samadi. Unazoa zizini, unachanganya na maji ndoo kwa ndoo, unamimina kwenye mtambo wa biogesi, ule wa kuba la matofali lililofukiwa chini ambao CAMARTEC, kile kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini pale Arusha, wamekuwa wakiusambaza tangu miaka ya 1980. Gesi inaenda jikoni, lile tope linalotokea upande wa pili linafuata kamfereji mpaka kwenye migomba, mgomba ukishatoa ndizi gogo lake linakatwakatwa wanapewa ng'ombe hasa kiangazi majani yakiadimika, na maganda ya kahawa yanaenda kwenye shimo la mboji. Yote hayo nilikuwa nayajua kwa kusoma. Sasa kuna kipindi ng'ombe wawili waliumwa wakaacha kula, baada ya muda dada wa jikoni akaanza kulalamika moto umekuwa mdogo, maharage hayaivi, ikabidi kuni zitafutwe, na mzee anayesimamia shamba akatuambia tusiende kukagua jiko wala bomba, twende zizini. Hicho kitu hakuna mwalimu angeweza kunifundisha darasani nikakishika hivyo.

Huyo mzee ndo mwalimu mkuu pale. Hajasoma chuo chochote ila amefanya kazi ya kahawa maisha yake yote na ana subira ya ajabu, unaweza kumuuliza kitu kilekile mara tatu na akakujibu bila kukunja uso. Ukimsalimia shikamoo babu anaitika marahaba mjukuu wangu halafu hapohapo anakukabidhi kazi. Kwenye msimu wa kahawa, ambao huku unaanza kuchangamka mwezi wa saba, anaanza na kuchuma. Unachuma nyekundu tu, ile ambayo bado ina kijani unaiacha hata kama umebakiza hiyo moja kwenye tawi, na jioni mnamwaga kwenye maji zile zinazoelea zinatolewa, zilizobaki zinamenywa kwenye mashine siku hiyohiyo maana zikilala na ganda zinaharibika ladha. Kisha zinavundikwa kwenye tenki ili ule utelezi uachie.

Hapa kwenye kuvundika ndo nilimuelewa huyu mzee. Sisi wa diploma tumekariri saa, kwamba kahawa ivundikwe saa kadhaa, basi. Yeye haangalii saa kabisa. Anakunja mkono wa shati, anazamisha mkono tenkini, anachota konzi ya kahawa anaisugua viganjani karibu na sikio. Ikiwa bado inateleza anairudisha. Ikiwa inakwaruza kama changarawe na unaisikia inalia, imeiva, ioshwe sasa hivi hata kama ni saa tisa usiku. Kule juu usiku kuna baridi, na baridi inachelewesha uvundikaji, kwa hiyo ukifuata saa za kwenye notisi unaweza kuosha mapema utelezi ukabaki, au ukachelewa ikachacha kupita kiasi. Alinishika mkono akauingiza tenkini mpaka nikaweza kutofautisha mwenyewe. Baada ya kuosha inaenda kwenye vichanja vya wavu, unaigeuza kila mara, jua likiwa kali mchana unaifunika, usiku unaifunika, mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 11 au 12 hivi. Kilo kama tano za matunda mekundu zinakuachia kilo moja tu ya kahawa ya maganda, yaani kavu ikiwa bado na lile ganda la ndani, sasa ukishachuma mwenyewe hizo kilo tano mgongo ukauma ndo unajua kwanini mkulima anakasirika bei ikiwa mbovu.

Magonjwa pia unafundishwa kwa macho. Chule buni na kutu ya majani nilikuwa nayajua kwa picha, kule unaambiwa tembea mstari huu ukirudi niambie miti mingapi inaumwa na inaumwa nini. Shamba lina sehemu ya kahawa ya zamani na sehemu ya miche chotara ya TaCRI, wale watafiti wa kahawa wa Lyamungo kule Hai, ambayo imetolewa kwa ajili ya kuhimili hayo magonjwa mawili, na ukizipita zote mbili mwishoni mwa masika utofauti unauona mwenyewe bila kuelekezwa.

Upande wa ng'ombe, kila mtu wa fildi anapewa ng'ombe wake wa kufuatilia, unamkamua, unaandika maziwa yake, unajua anakula nini na akipata shida wewe ndo unaulizwa. Kuamka ni saa kumi na moja alfajiri na hakuna Jumapili kwa ng'ombe, hilo ulijue kabla hujaja. Kabla ya kukamua unatoa maziwa ya kwanza kwenye kikombe cheusi kuangalia mabonge ya ugonjwa wa kiwele, na hawakubali uruke hiyo hatua hata kama ni baridi kiasi gani. Kitu kikubwa wanachokazania ni kumjua ng'ombe aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume. Anarudi kila baada ya siku 21 hivi, kwa hiyo ukipitwa leo umepoteza wiki tatu za chakula bure, na hapo mama anakuwa mkali kweli. Anasimama anapandwa na wenzake, anatoa ute unaovutika, anapiga kelele, maziwa yanapungua, ukimuona hivyo asubuhi anahimilishwa jioni, yaani anapandikizwa mbegu za dume kwa mrija, ukimuona jioni anasubiri kesho asubuhi.

Na bahati ya kuwa huku ni kwamba kituo cha taifa cha uhimilishaji, NAIC, kiko hapo Usa River, si mbali kabisa. Mtaalamu anakuja na mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, mle ndani ni nyuzi 196 chini ya sifuri, anachomoa mrija mmoja wa mbegu haraka anauzamisha kwenye maji ya uvuguvugu, anaufuta vizuri usibaki na tone la maji maana maji yanaua mbegu, ndo anaupakia kwenye kifaa chake. Siyo kwamba utafundishwa kuhimilisha pale, hiyo ina kozi yake. Ila unashika mkia, unauliza maswali, na huyo mtaalamu wa eneo lile anapenda sana vijana wanaouliza. Mwenzangu mmoja aliyekuwa anafuata fani ya mifugo aliamua palepale aende kusomea hiyo kozi.

Sasa kitu ambacho kwangu mimi kinalipita kila kitu pale ni daftari. Jumapili jioni baada ya chakula mama anatoa daftari lake la mapato na matumizi, lile kubwa la jalada gumu, analiweka mezani anasema haya njooni wanangu. Mnasoma wote. Maziwa yameingiza kiasi gani wiki hii, mayai kiasi gani, ndizi zilizoshushwa soko la Tengeru Jumatano na Jumamosi zimeleta nini, halafu pumba, mashudu, dawa, vibarua, toyo, yaani pikipiki, ya kupeleka mzigo. Mashamba mengine hela ni siri ya mwenye shamba na msaidizi wake, mtu wa fildi unaondoka unajua kupalilia vizuri kabisa na hujui kama hilo shamba linapata faida au linakula hasara.

Wiki ya kwanza unaona maziwa yanaingiza hela nyingi kuliko vyote unafurahi, halafu unageuza ukurasa wa matumizi unakuta pumba na mashudu vimekula karibu yote. Mwenzetu mmoja akasema kwa hesabu hii mama bora uuze ng'ombe. Mama hakukasirika, akamwambia haya baba, watoe ng'ombe kwenye hilo daftari, halafu kaniandikie upya ukurasa wa kahawa na wa ndizi. Tulikaa mpaka usiku. Ukitoa ng'ombe unatoa samadi, ukitoa samadi inabidi ununue mbolea ya dukani ya kahawa, ya migomba na ya bustani, gesi ya mtungi nayo inunuliwe, na ile hela ya kila siku inayolipa vibarua haipo tena kwa hiyo unakopa ukisubiri kahawa ambayo inalipa mara moja kwa mwaka. Tulipomaliza kuandika, kahawa ilikuwa imebaki na kitu kidogo sana. Maziwa ni hela ya kila siku, mayai ya kila wiki, ndizi ya kila soko, parachichi na kahawa ndo za ada na kuezeka nyumba, na kazi ya mwenye shamba ni kuhakikisha hakuna mwezi ambao zote zimekauka kwa pamoja. Hilo somo pekee lingetosha kunifanya niende.

Msimu gani uende? Wengi wanaenda mwezi wa saba mpaka wa tisa kwa sababu ndo vyuo vinatoa fildi, na wanakuta kahawa, sawa. Lakini hawaoni chochote kikipandwa. Masika, kuanzia mwezi wa tatu, ndo kuna kupanda mahindi na maharage, kuhamishia miche ya kahawa na ya parachichi shambani, kupunguza migomba ule utaratibu wa mama, mtoto na mjukuu kwamba kila shina libaki na mitatu tu, na kuku nao wanahitaji uangalizi wa karibu kwa sababu ya baridi na unyevu. Chanjo ya kideri ya matone ya jicho inarudiwa kila baada ya miezi mitatu kwa hiyo hiyo utaikuta msimu wowote ule. Vuli ni fupi, bustani inachangamka na nyanya zinakuwa nyingi, na ukija kipindi hicho utapambana na kantangaze mpaka umjue, yule mdudu wa nyanya aliyeingia nchini mwaka 2014, anachimba njia ndani ya jani na tunda, na wanatumia mitego ya harufu kuhesabu madume kabla ya kuamua kupuliza. Nikiulizwa, kama unasoma mambo ya mazao nenda msimu wa kahawa, kama wewe ni wa mifugo nenda masika maana malisho yapo na unaona maziwa yanavyopanda, na kama umeshamaliza chuo hubanwi na kalenda ya mtu omba ukae kuanzia mwezi wa tatu mpaka kahawa ianze. Hilo la mwisho mama analikubali ukimueleza vizuri.

Chakula hakuna malalamiko kabisa. Makande ya maziwa, loshoro, mtori asubuhi kukiwa na baridi, ndizi na maharage, parachichi unakula mpaka unachoka, na maziwa hayahesabiwi. Malazi ni ya kawaida, wasichana wana chumba chao upande wa nyumba ya mama na choo chao, wavulana wako karibu na stoo. Mtandao unapatikana ukipanda juu kidogo, kule chini unakatakata.

Sasa mabaya, na hapa nasema kwa uzito kwa sababu mahali hapa napapenda na natamani parekebishwe.

La kwanza ni vifaa vya kupulizia dawa. Nilipokuwepo kulikuwa na bomba la mgongoni zuri ila barakoa ilikuwa moja imechakaa na glavu zimetoboka, na mtu wa fildi anapewa bomba kama mtu mwingine yeyote. Nilisema, mama akanunua glavu, barakoa zikachelewa, nikajinunulia yangu mjini. Shamba linalochukua vijana wa watu wakafundishwe halitakiwi kumpa mtu dawa ya wadudu bila vifaa kamili, na ukienda sema tangu siku ya kwanza kwamba bila barakoa na glavu hupulizi. Hawatakufukuza, mama ni msikivu, ila usiposema inapita hivyohivyo.

La pili hakuna mkataba wa maandishi. Posho ilikuwa sh. 80,000 kwa mwezi, ililipwa yote kama tulivyokubaliana, lakini tulikubaliana kwa mdomo. Hakuna karatasi inayosema saa za kazi, siku ya kupumzika, wala nani anakutibu ukijikata na panga. Mwenzetu aliteleza masika akaumia mguu, mama alimpeleka hospitali akalipa kila kitu mwenyewe, Mungu ambariki, lakini hicho ni kitu cha kutegemea karatasi na bima na siyo roho nzuri ya mtu. Kama una bima ya afya ya chuo hakikisha haijaisha kabla hujaenda.

La tatu, kahawa inapokolea kazi inayameza mafunzo. Kuna wiki tulichuma tu, asubuhi mpaka jioni, sambamba na vibarua, na tofauti yetu na wao ilikuwa kwamba wao wanalipwa kwa debe. Hilo halikunifurahisha na nilimwambia mama. Alichofanya ni kuanzisha utaratibu kwamba hata kazi ikizidi namna gani kila mtu wa fildi anakuwa na nusu siku na mzee kwenye tenki na vichanja, na nilipopita pale juzijuzi kusalimia nikakuta bado wanaufuata. Kwa hiyo wanasikia.

La nne dogo, paa la chumba cha wavulana lilikuwa linavuja masika. Beba nailoni ya kufunika begi.

Nani asiende? Kama unachotafuta ni sahihi kwenye logbuku urudi zako nyumbani, tafadhali acha hiyo nafasi, maana ni chache mno na kuna mtu anaihitaji kweli. Na kama ndoto yako ni mashamba makubwa ya maua au ya mboga za kusafirisha nje, yapo kuanzia Usa River kushuka, utajifunza mambo ya umwagiliaji wa matone na viwango vya soko la nje ambayo huku huyapati. Ila kama kwenu kuna ekari moja au mbili, baba ana kahawa iliyozeeka na mama ana ng'ombe mmoja, na unatamani urudi ufanye kitu kieleweke, sijaona sehemu ya fildi inayokufaa kuliko hii.

Kuomba ni kwa barua, hakuna fomu ya mtandaoni. Andika barua yako mwenyewe kwa mkono, mama anazisoma, useme unataka kujifunza nini hasa na msimu gani, ambatanisha barua ya chuo kama bado unasoma na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji chako. Za msimu wa kahawa zifike mwezi wa nne au wa tano, ukichelewa mpaka wa sita nafasi zimeshajaa, za masika zipeleke Januari. Beba gambuti zako mwenyewe zinazokutosha, ovaroli mbili, koti zito maana Juni na Julai kule juu baridi si ya kawaida, na daftari la kwako la kunakili lile la mama, anaruhusu. Kufika unapanda gari za Usa kutoka mjini unashuka Tengeru sokoni, ukiwa na mzigo chukua toyo, ukiwa huna mzigo panda kwa miguu. Aliyeshaamua msimu wake anifuate inboksi nimuelekeze nyumba.